Mvinyo wa Porto, neno ‘kuukuu’ na tafsiri iliyomkata mhudumu mshahara

Mtafsiri mmoja chipukizi wa Mombasa ameniletea karatasi ya ukurasa mmoja pamoja na swali. Karatasi yenyewe ni mwongozo wa Kiswahili uliobandikwa ukutani katika stoo ya vinywaji ya hoteli fulani ya Pwani, nami sitaitaja. Unahusu ule mvinyo mtamu wa Ureno ambao Waingereza huuita ‘port’, hususan ule wa daraja ya juu kabisa, ‘vintage’. Mwongozo unasema mambo matatu: kwamba huu ni “mvinyo mkuukuu wa bandari”, kwamba chupa yake “isimamishwe rafuni penye nafasi”, na kwamba “itikiswe vyema kabla ya kumiminwa ili mashapo yachanganyike.”

Mhudumu aliyepewa kazi ya stoo aliyafuata maagizo hayo neno kwa neno. Mgeni aliyeagiza chupa, nayo ilikuwa ya mwaka 1985, akaletewa kinywaji kilichovurugika kama maji ya mto baada ya mvua. Akakirudisha. Bei ya chupa ikakatwa kwenye mshahara wa mhudumu, kidogo kidogo, kwa miezi minne. Sasa dada huyu ameitwa aandike mwongozo mpya, na swali lake ni hili: “Mwalimu, nimeambiwa Kiswahili hakina maneno ya kazi hii, niyaache tu ya Kiingereza yalivyo. Ni kweli?”

Si kweli. Lakini siwezi kumjibu kwa orodha ya istilahi tu. Tafsiri ile haikuharibiwa na uhaba wa msamiati. Iliharibiwa na mtafsiri asiyejua kilichomo chupani. Kwa hivyo leo itabidi tuingie stoo sisi wenyewe. Nawe msomaji usiyetia kileo kinywani, usigeuze ukurasa, kwa maana maneno tutakayoyapima humu ni yako pia, na mengine unayatumia kila siku jikoni.

Tuanze na ‘bandari’. Mto Douro huanzia Uhispania, ukaikata Ureno kuelekea magharibi na kumwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki. Mdomoni mwa mto ndipo ulipo mji wa Porto, na kwa Kireno jina hilo lina maana ya bandari, vivi hivi tu. Kumbe basi mtafsiri wetu alibahatisha asili ya jina bila kujua! Hata hivyo, jina la mahali likishakuwa jina halitafsiriwi tena. Tiketi ya basi la kwenda Dar es Salaam haiandikwi ‘Nyumba ya Amani’. Pendekezo langu ni ‘mvinyo wa Porto’, kwa herufi kubwa, basi.

La ajabu ni kwamba zabibu zake hazioti Porto. Zinaota juu mtoni, takriban kilomita 100 kutoka baharini, katika miteremko mikali iliyochongwa matuta kama ngazi. Milima ya Marão huzuia mawingu ya mvua yatokayo Atlantiki, kwa hivyo huko majira ya joto ni makavu na makali, na udongo si udongo bali ni miamba ya mawe ya tabaka inayopasuka kama vigae. Mizizi hulazimika kupenya kwenye nyufa hadi mita nyingi chini kutafuta maji. Mnamo 1756 waziri mkuu wa Ureno, Marquês de Pombal, aliagiza eneo hilo lichorewe mipaka na kuwekewa nguzo za mawe, ili mtu asichukue zabibu za kwingineko na kuziuza kwa jina hilo. Ni mojawapo ya maeneo ya kwanza duniani ya mvinyo kulindwa kisheria namna hiyo. Mvinyo wenyewe ukapata jina la mji uliousafirisha, si la bonde lililouzaa, sawa na kahawa ya Mocha iliyopewa jina la bandari ya Yemen.

Na unatengenezwaje? Zabibu huvunwa aghalabu mwezi Septemba, hutiwa katika mabirika mapana ya mawe ya matale, na watu huingia humo wakazikanyaga kwa miguu, mabega kwa mabega, kwa saa kadhaa. (Siku hizi zipo mashine zinazoiga mguu wa binadamu, lakini nyumba kadhaa bado hukanyaga zabibu za mvinyo wao bora.) Maji ya zabibu huanza kuchacha: chachu inakula sukari na kutoa kileo. Ukiuacha uchache mpaka mwisho, sukari yote itakwisha na utapata divai ya kawaida isiyo tamu. Hapa lakini mwenye mvinyo haachi. Sukari ikifika kama nusu, anamimina kileo kikali cha zabibu chenye nguvu ya asilimia 77, kilichopatikana kwa kuchemsha divai na kuukusanya mvuke wake, namna ile ile chang’aa inavyopikwa. Wareno hukiita ‘aguardente’, yaani maji yawakayo. Chachu haiwezi kuishi katika ukali huo. Inakufa, na sukari iliyosalia inabaki bila wa kuila. Matokeo ni kinywaji kitamu chenye kileo cha asilimia 19 hadi 22, ilhali divai ya mezani huwa na 12 hadi 14 hivi.

Kipimo cha zamani cha kazi hii ni lita 435 za maji ya zabibu kwa lita 115 za aguardente. Zikijumlishwa ni lita 550, na kiasi hicho, katika Kireno cha Douro, huitwa... ‘pipa’.

Hapo nadhani umeinua kichwa. Ndiyo, ni pipa lile lile. Neno hili la ngeli ya LI-YA tulilichukua kwa Wareno pamoja na meza, leso, bendera, gereza, karata na mengine kadhaa. Leo pipa letu ni la maji, la mafuta, na (samahani kwa wenye mvinyo) la taka. ‘Mvinyo’ nao ni ‘vinho’ wa Kireno. Tamka ‘nh’ yao kama ‘ny’ yetu, kisha tia kiambishi cha M-MI mbele, utaona jinsi wazee wetu walivyolipokea neno na kulivisha kanzu: mvinyo umemwagika, mivinyo imemwagika. ‘Kopo’ linanasibishwa na ‘copo’, ambalo kwa Mreno ni bilauri ya kunywea. Kwetu limeshuka cheo likawa la bati. Ukimmiminia mgeni mvinyo wa Porto ndani ya kopo leo, atadhani umemtukana.

Ila tusije tukasema kwamba mvinyo huu wa Porto uliwahi kunywewa Fort Jesus. Tarehe zinakataa. Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Na Wareno wakang’olewa humo Desemba 1698, baada ya kuzingirwa na Waomani kwa zaidi ya miaka miwili. Miaka mitano baadaye, 1703, ndipo Uingereza na Ureno zilipotia saini mkataba ule wa Methuen uliopunguza ushuru wa divai ya Ureno kwa theluthi moja chini ya ile ya Ufaransa, na wafanyabiashara wa Kiingereza wakamiminika Douro. Desturi ya kutia kileo kikali ili kuuhifadhi utamu ilikomaa katika karne iliyofuata. Kwa maneno mengine, lugha yetu ilikuwa na mvinyo na pipa kabla kinywaji chenyewe hakijapata sura yake ya leo. Anayedai Kiswahili hakina maneno ya kazi hii ameanzia ukurasa usio sahihi.

Kuna mvutano mdogo hapa ambao dada atakutana nao. Je, atumie ‘mvinyo’ au ‘divai’? Wengi hulinasibisha ‘divai’ na Kifaransa ‘du vin’. Biblia ya Kiswahili hutumia yote mawili. Arusi ya Kana iliishiwa na divai, lakini katika Mithali inayodhihaki ni mvinyo. Kamusi kadhaa nazo hueleza mvinyo kuwa kileo kikali kwa jumla, zikaiachia divai kazi ya kuwa maji ya zabibu yaliyochacha. Magazetini Kenya, tuseme ukweli, tumezichanganya. Lakini kwa kinywaji hiki mahususi sioni taabu yoyote: ni divai iliyotiwa kileo kikali, kipo katikati ya hivyo viwili, na ‘mvinyo’ ndilo neno lenye mabega ya kuubeba mzigo huo.

Sasa tufike kwenye kosa lililouma zaidi, ‘kuukuu’.

Kivumishi hiki hakimaanishi tu kitu cha zamani. Kinamaanisha kitu kilichotumika kikachakaa: shati kuukuu, baiskeli kuukuu, viatu vikuukuu. Ndiyo maana waliotafsiri Injili walichagua ‘viriba vikuukuu’ kwa vile vilivyochoka kiasi cha kupasuka divai mpya ikitiwa. Methali yetu ya ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa inaupa ukuukuu heshima, kweli, lakini kwa kukiri kwanza kwamba ni uchakavu. Mhudumu akisoma kwamba chupa ni ‘kuukuu’, atazamie nini asipoona mashapo na vumbi? Kila kasoro itamwonekea sawa.

Tena, neno la Kiingereza lenyewe halihusu uzee. ‘Vintage’ asili yake ni mavuno ya zabibu. Mvinyo wa Porto wa daraja hii ni ule uliotoka katika mavuno ya mwaka mmoja tu, mwaka uliokuwa mzuri kiasi kwamba mwenye nyumba ameamua kuutangaza. Miaka mingi haitangazwi. Kwa wastani nyumba hutangaza mara tatu hivi kwa kila miaka kumi, na haiwi halali mpaka sampuli ionjwe na kuidhinishwa na taasisi ya serikali inayosimamia mvinyo wa Douro na Porto. Miaka 1963, 1977, 1994, 2000 na 2011 ni kati ya iliyotangazwa na nyumba nyingi. Mwaka 2016 na 2017 zilitangaza mfululizo, jambo lililozua gumzo kwa sababu si desturi. Chupa ya 2017, basi, ni ‘vintage’ tangu siku ilipotiwa kizibo, ingawa ni mtoto mchanga. Utaiitaje kuukuu?

Mimi nimependekeza ‘mvinyo wa mwaka teule’. Ni refu kidogo, najua. Lakini linasema mambo mawili yanayohitajika: mwaka ni mmoja, na umeteuliwa. Chupa ikishazeeka, tunaweza kuongeza ‘mkongwe’, kivumishi kinachobeba umri pamoja na heshima, kama tunavyomsema mwanasiasa mkongwe hata pale asipostahili.

Hapa dada lazima ajue tofauti nyingine, maana ndiyo inayoamua chupa ipi ilazwe na ipi isimame. Mvinyo wa Porto huzeeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndani ya pipa la mbao. Mbao hupitisha hewa kidogo kidogo. Rangi nyekundu hufifia mwaka baada ya mwaka mpaka ikawa ya hudhurungi, na ladha ikageukia korosho zilizokaangwa, sukari iliyoungua na maganda ya chungwa makavu. Huo huuzwa ukiwa umeandikwa miaka 10, 20, 30 au 40, na ukishatiwa chupani safari yake imekwisha. Hauna mashapo ya kutajika. Unaweza kusimama, unaweza kunywewa leo.

Njia ya pili ndiyo ya mwaka teule. Huu hukaa katika mapipa makubwa miaka miwili hivi tu, kisha hutiwa chupani ukiwa mweusi, mzito, bila kuchujwa, na kuzeeka kwake kwote hufanyika humo humo, mbali na hewa. Miaka 15 ni mwanzo. Iliyo bora hufika 40, 50 na zaidi. Katika muda huo rangi na tanini (ile dutu ya maganda na kokwa za zabibu inayokaza ulimi) hushikana, huwa nzito, hutulia chini. Hayo ndiyo mashapo. Si uchafu, si dalili ya kuharibika, ni kinywaji chenyewe kikijisafisha. Wafanyabiashara wa Kiingereza huyaita kwa jina la ganda la mkate. Sisi tuna neno tamu zaidi. Mashapo ya mvinyo huu hayalali tu chini, hugandamana na ubavu wa chupa yakawa ngozi ngumu. Huo si ukoko jamani? Kama ule wa wali chini ya sufuria! Kiswahili kinatupa hatua mbili: yakiwa yanaelea au yamelala, ni mashapo, yakishashika ukuta wa chupa, ni ukoko. Sijui lugha nyingi zinazoweza kulisema hilo kwa usafi huo.

Kwa nini basi chupa ilazwe? Kwa ajili ya kizibo. Kizibo hukatwa kwenye gome la aina ya mwaloni unaostawi sana Ureno, na kikikauka husinyaa, hewa ikaingia, mvinyo ukaharibika. Chupa ikilala, mvinyo hukilowesha kizibo wakati wote. Hata umbo la chupa lilibadilika kwa sababu hiyo: chupa za awali zilikuwa nene na fupi kama kibuyu, zisizolalika, na ni katika karne ya 18 ndipo zilipopata umbo la mche unaotulia ukilazwa. Bila badiliko hilo, kuuweka mvinyo huu miaka 30 kusingewezekana.

Wahifadhi wa zamani walikuwa na hila moja ninayoipenda. Waliitia chupa alama ya chokaa upande wa juu. Ukiihamisha chupa, unailaza tena chokaa ikitazama juu, ili ukoko ubaki upande ule ule ulioshika. Dada, hiyo iingie katika mwongozo: pasipo na alama, lebo itazame juu.

Mengine ni ya mahali. Stoo iwe na giza, kwa sababu mwanga huharibu. Joto liwe nyuzi 12 hadi 15, na zaidi ya yote lisipande na kushuka. Unyevu wa hewa uwe kama asilimia 70. Pasitikisike. Maghala ya wenyewe yapo Vila Nova de Gaia, ng’ambo ya mto mkabala na Porto, mahali palipochaguliwa kwa ubaridi na umande wa bahari. Zamani mapipa yaliteremshwa huko kutoka bondeni kwa mashua bapa za tanga moja. Ilikuwa safari ya hatari. Mwaka 1861 mfanyabiashara Mwingereza Joseph James Forrester, aliyekuwa ameichora ramani mashuhuri ya Douro, alizama kwenye maporomoko ya Valeira. Husimuliwa kwamba mkanda wake uliojaa sarafu ndio uliomvuta chini, na kwamba Dona Antónia Ferreira, mwanamke tajiri wa mashamba hayo aliyekuwa safarini naye, aliokolewa na sketi yake pana iliyoelea. Nilisimuliwa kisa hicho nilipozuru Gaia kandokando ya mkutano mmoja wa watafsiri, na msimulizi alikieleza kwa furaha ambayo marehemu asingeipenda.

Nairobi, kwa mwinuko wake, chumba chenye kivuli kisichopakana na jiko kinaweza kuufaa mvinyo kwa miaka michache. Mombasa haiwezekani bila mtambo wa ubaridi. Joto la nyuzi 30 huuzeesha mvinyo mbio na kuupika. Rafu iliyo juu ya friji, mahali ambapo wengi huziweka chupa za zawadi, ni mahali pabaya kuliko pote: joto, mwanga, mtikisiko, vyote kwa pamoja.

Na sasa kutikisa. Nadhani mtafsiri alikumbuka chupa ya dawa ya kikohozi. Matini ya asili iliagiza kinyume kabisa: mvinyo umiminwe polepole katika chombo kingine huku mashapo yakibaki nyuma. Kitendo hiki Waingereza wana kitenzi chake kimoja. Sisi tunahitaji maneno manne matano, na sioni aibu, kwa sababu kitendo chenyewe tunakijua. Mtazame muuza kahawa wa Mji wa Kale anavyoliinamisha dele: mkono mmoja, pole pole, bila kukatiza, na unga wa kahawa haumfuati kikombeni. Hakuna aliyemfundisha istilahi.

Utaratibu ni huu. Siku moja kabla, au mbili kama mvinyo ni mkongwe sana, chupa isimamishwe ili mashapo yateremke chini. Hapa tu ndipo inaposimama. Kizibo king’olewe bila papara; cha miaka 40 kinaweza kumeguka kama biskuti. Kwa chupa za kale sana Wareno hutumia koleo: hulipasha moto mpaka likawa jekundu, hulibana shingoni mwa chupa kwa muda, kisha hupitisha kitambaa chenye maji baridi mahali pale pale, na shingo hukatika pamoja na kizibo chake, safi kabisa. Usijaribu nyumbani. Kisha mshumaa au tochi huwekwa nyuma ya shingo, na mvinyo humiminwa katika jagi safi la kioo kwa mkondo mmoja usiokatika. Utauona ukipita mwekundu angavu. Mara utaona uzi mweusi ukikaribia shingoni. Hapo simama. Kinachobaki, kiasi cha bilauri ndogo, ni cha mashapo. Wengine hukichuja kwa kitambaa na kukitia katika mchuzi.

Mtu akishaona jambo hili mara moja, ataelewa kwa nini nasema mhudumu yule alionewa. Chupa ya 1985 ilikuwa imejisafisha kwa miongo kadhaa, na karatasi rasmi ya mwajiri wake ndiyo iliyomwamuru aivuruge kwa nusu dakika. Deni ni la aliyeibandika karatasi. Nimemshauri dada awasilishe tafsiri ya zamani na matini ya Kiingereza sambamba, mstari kwa mstari, kwa mwenye uamuzi wa mishahara. Ushahidi wa kiisimu nao ni ushahidi.

Tufike kwenye kuonja, ambako ndiko alikoambiwa Kiswahili kimeishiwa. Hapa ninakiri tuna neno moja linalotuchezea shere, nalo ni ‘kali’. Limau ni kali, pilipili ni kali, chang’aa ni kali, kisu ni kikali, mbwa ni mkali, mwalimu ndiye kabisa. Mwonjaji akiandika kwamba mvinyo ni mkali, hajasema kitu. Aseme uchachu kama anamaanisha ladha ya limau. Aseme mwasho kama ni ya pilipili. Aseme kileo chake kinachoma koo kama ndicho anachokihisi.

Lakini kwa tanini, hisia ambayo wataalamu wa lugha nyingine huieleza kwa kuzungukazunguka, sisi tuna neno lililonyooka: ukakasi. Kila mtoto wa Pwani aliyewahi kung’ata kanju bichi anaujua, ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani. (Mkanju nao uliletwa na Wareno kutoka Brazili, na jina lake ni ‘caju’ yao.) Mvinyo mchanga wa mwaka teule nikiulizwa unafanana na nini, sitataja matunda ya Ulaya. Nitasema zambarau. Rangi ni ile ile inayotia ulimi weusi, utamu ni ule ule, na ukakasi ule ule unaokuja nyuma. Mwachie miaka 25: ukakasi umelainika, rangi imekuwa ya tofali, na pua inakutana na tini kavu, tende, majani ya chai, pengine ngozi ya kiatu kipya na karafuu kwa mbali.

‘Mwili’ wa mvinyo, kwa tafsiri ya neno kwa neno, siupendi. Uji una mwili? Uji ni mzito au mwepesi, na mvinyo vivyo hivyo. Ladha inayobaki baada ya kumeza tuseme inakaa, au inaganda ulimini. Mvinyo mzuri wa Porto hukaa dakika nzima. Harufu njema ni riha. Ile mbaya ya kizibo kilichoathirika, ambayo hutokana na kuvu, ni ya gunia lililoloa likasahauliwa; ukiikuta, chupa hiyo haina dawa na mhudumu asilaumiwe.

Bilauri iwe ndogo lakini yenye tumbo, ijazwe chini ya nusu ili riha ipate nafasi. Nyuzi 16 hadi 18 zatosha. Kwa Mombasa maana yake ni kuliweka jagi katika friji kidogo kabla ya kuandaa. Nusa kwanza, kisha onja kidogo, usukume mdomoni hadi kwenye mashavu. Ni kinywaji cha baada ya chakula, pamoja na jibini au karanga. Katika jumba la wafanyabiashara Waingereza pale Porto, lililokamilika 1790, kuna vyumba viwili vya kulia vinavyofuatana: wageni hula kwanza cha kwanza, kisha huhamia cha pili kwa mvinyo, ili harufu ya chakula isiingilie riha.

Desturi yao huwataka walio mezani walipitishe jagi kushoto, lisisimame. Akitokea mtu aliyelikalia, haambiwi “lete”. Huulizwa kwa upole kama anamfahamu Askofu wa Norwich. Mwenye kujua hulisukuma mara moja. Asiyejua hujibu kwamba hamfahamu, na huambiwa kuwa askofu ni mtu mwema sana ila husahau kulipitisha jagi. Mswahili wa Lamu hawezi kushangaa. Fumbo la kumkumbusha mtu adabu bila kumwaibisha ni kazi tunayoifanya mpaka kwenye kanga.

Na jagi likibaki na mvinyo? Ule wa mapipani hukaa wiki kadhaa katika friji bila kupoteza kitu. Wa mwaka teule, uliofichwa hewa miaka yote hiyo, ukishaionja hewa huchoka haraka. Siku mbili, tatu kwa ule mchanga, na hapo riha imekwisha kwenda zake.